Uji wa Kwa Aling Sepa

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, saa kumi alasiri, jua likiwa bado linachoma mabati ya Cubao, mtaani kwetu Manila. Siku hiyo mke wangu Belen alikuwa amelala kwenye jeneza sebuleni kwangu, watu wanaingia na kutoka kumuaga. Na siku hiyohiyo kijana mmoja aliyekuja kumuaga alitoka, akaenda kunywa bakuli la uji, na bakuli lile nusura limnyang'anye vyote viwili: jina lake na msichana wake.

Mtauliza, mgane wa umri wangu, shule yenyewe sikuimaliza, nimeyajuaje maneno waliyoambiana wapenzi? Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa basi la timu ya kikapu ya Amihan. Dereva, machoni pa wakubwa, ni sawa na kiti. Wanaongea mbele yake chochote. Na yale ambayo sikuyasikia kwenye basi, wenyewe walikuja kunisimulia baadaye, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Amihan ilianza kama timu ya kutangaza sabuni ya kampuni. Ilipokuwa ya sabuni ilibeba makombe. Kampuni ikaanza kuuza tambi, timu ikabadilishwa jina ikawa ya tambi, wachezaji wazuri wakapelekwa kwingine kama viti vya kukodi, tukashika mkia. Wakubwa wakakaa ghorofani kwenye baridi yao, wakatafuta mchawi. Wakaona mchawi ni sisi: madereva, wapishi, wafua jezi. Wakatufutia kadi za hospitali. Belen wangu ndiye aliyekuwa mpishi wa timu. Timu ilikuja kupanda tena, kadi hazikurudi, na figo za Belen hazikuwa na muda wa kuwasubiri.

Nisiende mbali. Niwape hao wapenzi wangu.

Walikutana misimu miwili kabla ya hapo, kwenye lango la ukumbi wa Cubao, siku ya mvua. Watu walikuwa wamesongamana, miavuli inagongana, wauza karanga za kuchemsha wanapiga kelele, harufu ya mafuta ya kukaangia samaki imejaa hewani. Ning wa ofisini, yule anayeandika matangazo ya timu, alisimama pale amekumbatia boksi la taulo. Alivaa gauni la njano lenye vifungo mbele, raba nyeupe, nywele kazifunga juu kwa kalamu. Mara akatokea kijana mrefu kama nguzo ya umeme, kalowa chapachapa, miguuni ana ndala.

"Wewe, foleni iko kule," Ning akamwambia.

"Mimi mchezaji, dada."

"Kila mrefu Manila hii ni mchezaji. Jana kaja mmoja anasema hivyohivyo, kumbe fundi wa mapazia."

"Kweli tena. Renzo Magbanua. Nimeingia leo asubuhi kutoka Iloilo."

"Na unacheza na ndala?"

Renzo akaitazama miguu yake kama vile ndiyo kwanza anaiona. "Viatu vimo kwenye begi. Begi limepanda ndege ya Davao."

"Begi Davao, mwenyewe Cubao. Huyo mchezaji hapasi mpira, anapasi mizigo!" Mlinzi akacheka. Ning akamwonyesha bango la timu lililochomoka kamba juu ya lango. "Haya, kama mchezaji kweli, lifunge lile bila ngazi."

Akaruka mara moja, akadaka kamba, akaifunga akiwa bado ananing'inia kwa mkono mmoja. Watu wakapiga makofi. Ning akasogeza mwavuli wake, lakini mwavuli ulimfikia Renzo kidevuni tu, wakaloana wote wawili.

Tangu siku ile, yeye alikuwa "Ndala" na Ning alikuwa "Bosi". Nikiwa naendesha, nilikuwa nasikia simu nyuma ya kiti changu:

"Bosi, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mama Belen kanipa wali mara mbili."

"Anakunenepesha huyo, utashindwa kuruka."

"Nitakurukia wewe."

"Thubutu! Nitakuandikia barua ya onyo."

Belen ndiye aliyemlisha kijana yule wakati hana hata mtu mmoja wa kumsalimia Manila. Alimlisha na mwingine kabla yake, Kokoy Dimasupil, mchezaji wetu wa enzi za sabuni, ambaye siku hizi ni kocha msaidizi wa Kidlat, timu ya saruji. Belen alikuwa hajali mtu anachezea nani. Alijali sahani imebaki na nini.

Basi Renzo akaipandisha Amihan. Kutoka mkiani mpaka fainali, dhidi ya haohao Kidlat, mpaka ikabaki mechi moja tu ya kuamua, Alhamisi. Ndipo meneja wa timu, Wakili Villaluz, akatoa amri zake. Ya kwanza, kila mchezaji avae fulana nyekundu ya timu popote aendapo. Ya pili, mtu yeyote wa Amihan asikanyage msibani mpaka fainali iishe, ataleta nuksi. Amri ya pili ilitoka asubuhi ya kesho yake baada ya Belen kufa. Msomi mzima, vyeti vimejaa ukutani, anaogopa maiti ya mpishi wake! Hakuja. Hakuleta hata ua moja.

Renzo alikuja. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kwa sababu huwezi kuingia msibani na nyekundu. Alipiga magoti mbele ya jeneza muda mrefu, mabega yanamcheza. Halafu akanikumbatia mimi, mzee Isko.

"Mang Isko, nimetoroka. Nimesema goti linauma."

"Mwanangu, rudi upesi. Wakikuona, wewe na mimi wote tumekwisha."

"Nisije kumuaga Mama Belen? Wanifukuze tu."

Kokoy naye alikuwepo, analia bila aibu. Wakatoka pamoja. Na kwetu, ukitoka msibani huendi nyumbani moja kwa moja. Unapita kwanza mahali, unakaa, unatia kitu mdomoni, ili kilichomchukua marehemu kisikufuate mpaka mlangoni kwako. Mtaani kwetu kila mtu anapitia kibandani kwa Aling Sepa, yule mama muuza uji, kunywa uji wake wa mchele wenye tangawizi. Wakakaa meza moja wale wawili. Kokoy akaanza kusimulia Belen alivyomkimbiza na upawa siku aliyoiba nyama sufuriani. Wakainamiana, wakacheka, kama wanavyocheka watu waliotoka kulia.

Hapo hapo simu ya Renzo ikalia.

"Ndala, uko wapi?"

"Nimelala, Bosi. Goti."

"Mbona nasikia vijiko?"

"Televisheni hiyo."

"Televisheni inakula?"

"Mapishi. Wanaonyesha mapishi."

"Hm. Haya. Lala basi."

Alimdanganya kwa sababu yangu. Ning alikuwa chini ya Wakili. Akiambiwa ukweli, ama aseme nifukuzwe mimi kwa kumpokea, ama anyamaze na siku ikijulikana afukuzwe yeye. Renzo aliona bora ajue yeye peke yake. Na wakati anaweka simu mezani, mtu fulani mle ndani alikuwa ameshampiga picha.

Jumatano asubuhi Wakili alimwita Ning ofisini. Alivaa suti ya kijivu, mafuta ya nywele yananukia mpaka korido. Akasukuma simu yake juu ya meza.

"Unamjua huyu?"

Ning akaiona picha. Renzo na kocha wa Kidlat, vichwa vimegusana, wanacheka, siku mbili kabla ya mechi.

"Hii ya lini?"

"Ya jana saa kumi. Wewe alikuambia yuko wapi?"

Masikioni Ning alisikia vijiko.

"Sisemi lolote," Wakili akasema, sauti laini kama ya padri. "Nakuonea huruma tu. Nyamaza, kwa faida ya timu. Usimuulize. Ukimuuliza atatunga jingine."

Hivi ndivyo wanavyofanya. Hawakwambii uongo. Wanakuachia picha, uongo unautunga mwenyewe.

Hata hivyo Ning alijaribu. Alimpigia mchana.

"Renzo, jana ulilala mpaka saa ngapi?"

Alipomwita jina lake, Renzo alipaswa kushtuka. Hakushtuka. "Mpaka jioni, Bosi. Goti limepoa. Kesho utakaa palepale nyuma ya benchi?"

"Tutaona."

"Tutaona ndiyo nini? Bila wewe pale mimi natupia wapi macho?"

"Kwa unaowachekea," akasema, akakata.

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Nyekundu upande huu, kijani upande ule, ngoma zinapigwa, sakafu inatetemeka. Kiti cha Ning, cha pili nyuma ya benchi letu, kilikuwa kitupu. Mimi nilimzika Belen asubuhi, na jioni nilikuwa kwenye usukani, kwa sababu Wakili hakutaka dereva mgeni siku ya fainali. Kumweka mfiwa kwenye usukani hakukuwa na nuksi, mnaona? Nuksi ni mpaka wao waipangie saa.

Tulikuwa nyuma pointi moja, sekunde zimekwisha, Renzo kapewa mitupo miwili huru. Aliudundisha mpira. Akakitazama kile kiti. Wa kwanza ukagonga chuma, ukatoka. Akakitazama tena. Wa pili ulizunguka ukingoni, ukazunguka, ukaamua kuangukia nje. Kidlat wakamwagika uwanjani kama mchwa.

Ijumaa, kabla ya watu kunywa kahawa, picha ilikuwa kwenye kila simu ya Manila. Ameuza mechi! Kauza mechi kwa bakuli la uji! Wakili akatokea kwenye televisheni amekunja uso wa msiba, yeye asiyekanyaga msibani. Akampa Ning kazi ya kuandika tangazo kwamba Renzo Magbanua amesimamishwa. Ning aliliandika. Alilituma.

Renzo akampigia.

"Maneno haya ni yako?"

"Ni ya ofisi."

"Nakujua unavyoandika, Bosi. Ni wewe."

"Na wewe ndiye kwenye picha. Au na hiyo ni televisheni?"

Renzo angeweza kusema palepale: nilikuwa msibani. Neno moja tu. Lakini mimi bado nilikuwa na usukani wangu, na yeye aliona nimeshapoteza vya kutosha wiki ile.

"Siwezi kukueleza," akasema.

"Basi usinipigie."

Siku chache baadaye ofisi ikambadilisha na mchezaji mwingine, ikampeleka wapi? Kidlat! Mtaa mzima ukasema, si unaona, malipo hayo. Mchezaji hachagui aendako, anapelekwa na wakubwa kama gunia, lakini nani anataka kusikia hilo?

Siku ya tisa ya kumwombea Belen, watu wangu walikusanyika nyumbani kusali. Nikasikia hodi. Ning. Gauni jeusi la mikono mirefu, macho yamevimba, mikononi sinia la wali mtamu wa nazi.

"Mang Isko, nisamehe. Nilitaka kuja tangu mwanzo, wakatukataza."

"Ofisi imekutuma?"

"Hapana. Ofisi haijui."

"Basi pita."

Nilikuwa na wasiwasi naye, sifichi. Niliwaza huenda katumwa kuhesabu nani yupo. Akaingia, akaweka sinia, akageuka. Na pale karibu na meza ya mishumaa, Kokoy Dimasupil amekunja mikono ya shati, anakusanya sahani chafu. Ning akawa mwekundu.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Unaniuliza mimi?" Kokoy akasema. "Dada, sahani hizi nimeanza kuziosha wewe hujaajiriwa. Mama Belen alinilea."

"Una ujasiri wa kuja, baada ya ulichomfanyia Renzo!"

"Nilichomfanyia? Nilimlipia uji tu!"

"Uji wa siku mbili kabla ya fainali!"

"Uji wa kutoka msibani!" Kokoy akapandisha sauti, bibi zetu wakaacha kusali. "Ulitaka tuende wapi? Tumetoka hapa, jeneza liko pale ulipokanyaga, ulitaka tubebe kifo mpaka nyumbani kwetu? Tulipita kwa Aling Sepa kama kila Mkristo wa mtaa huu!"

Ning akamwacha Kokoy. Akanitazama.

"Renzo alikuwa hapa? Jumanne?"

"Alikuwa hapa," nikamwambia. "Katoroka. Kavaa shati jeupe."

"Shati jeupe," akasema polepole. Alikuwa ameitazama picha ile labda mara mia. Renzo hakuvaa nyekundu, amri ikiwa nyekundu popote. Yeye alidhani kaivua ili asitambulike. Binti aliyezika baba na babu, anayejua vizuri nguo ya msibani, lakini tayari alishaambiwa aone mwizi, akaona mwizi.

Akaondoka bila kula. Nikamfuata na gari la jirani, nikampakia, maana alivyokuwa anavuka barabara angegongwa.

Renzo alikuwa kwenye chumba chake cha kupanga, Marikina, anafunga mizigo ya kuhamia kambi ya Kidlat. Alifungua mlango akiwa na kaptula na fulana iliyotoboka. Alipomwona, hakusogea ampishe.

"Umekuja kuandika tangazo jingine?"

"Kwa nini hukuniambia ulikuwa kwa Mama Belen?"

Renzo akanitazama mimi nyuma ya Ning. Nikaitikia kwa kichwa: sema.

"Ningekuambia, ungefanyaje?" Renzo akauliza. "Ungemwambia Wakili, au ungemficha?"

"Ningemficha."

"Na angekufukuza. Na mzee huyu je?"

"Kwa hiyo ukanipa televisheni inayokula."

"Na wewe ukanipa kiti kitupu." "Ning, nilitupa mitupo ile nikikitafuta kile kiti. Ulikuwa umeshajua, sivyo? Uliniambia kwenye simu, kwa unaowachekea. Ilikuwa Jumatano. Picha imetoka Ijumaa. Wewe ndiye uliyeipiga?"

"Mimi!"

"Uliijua vipi Jumatano?"

"Wakili alinionyesha asubuhi!"

"Au ulimpelekea wewe?"

Akampiga kibao kifuani, maana shavu hakulifikia. "Ndala mjinga wewe! Siku nne silali! Nimtumie Wakili picha upotee, halafu nije hapa nimevaa nguo za msiba kukulilia mlangoni?"

Renzo akaushika ule mkono, akaubana palepale kifuani. Nikageukia barabara, nikajidai naangalia tairi.

"Nilikuamini kila siku isipokuwa ile moja," Ning akasema akilia. "Mtu mwenye suti alinionyesha picha, nikamwamini yeye."

"Na mimi nilikuamini kila kitu isipokuwa kile kimoja."

"Usinifiche tena. Hata kama ni jambo la kutufukuzisha wote."

"Sitakuficha. Na wewe uniulize. Hata kama umeambiwa usiniulize."

"Nitakuuliza mpaka uchoke."

"Anza."

"Umekula?"

Akacheka huku anapangusa macho. "Sijala, Bosi. Tangu Ijumaa chakula hakipiti."

Nikawapeleka kwa Aling Sepa. Watu walikodoa macho, na Ning akachagua meza ileile. Akamlisha kijiko cha kwanza mbele ya wote. Mara kijiko kikasimama hewani.

"Subiri," akasema. "Picha alikuwa nayo Jumatano. Kama kweli aliamini umeuza mechi..." Akarudisha kijiko bakulini. Tuliutazama uji.

Kesho yake alipanda ghorofani, akamuuliza Wakili habari ya picha ile uso kwa uso, mlango wazi, makarani wanasikia. Wakili akainua simu ambayo haikuwa imelia, akasema yuko kwenye mazungumzo. Ning akavua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani, akashuka kwa ngazi.

Mwezi uliofuata Amihan ikauzwa. Sasa ni timu ya rangi za nyumba, jezi za bluu, na inashika mkia. Basi likauzwa pamoja na timu. Dereva hakuwamo kwenye mauzo. Wakili amepanda cheo huko kwenye kampuni. Renzo anachezea Kidlat, na kila akishika mpira upande wa pili unaimba, "Uji! Uji! Uji!" Ning anakaa kiti cha pili nyuma ya benchi, gauni la njano, na wakianza kuimba yeye hunyanyua chupa ya uji wa tangawizi juu, akanywa.

Siku ya arobaini ya Belen walikuja wote wawili kwangu, wamevaa nguo nzuri, wamebeba keki ya mihogo. Renzo alikuwa ameshamwomba Ning wafunge ndoa, na Ning alikuwa ameshamuuliza maswali yake yote kabla ya kukubali. Wakaniomba niwe msimamizi wao kanisani.

"Msimamizi wa kike mtamweka nani?" nikauliza.

"Mama Belen," Ning akasema. "Kiti chake kitakaa kitupu, karibu na chako. Safari hii kila mtu atajua kwa nini ni kitupu."

Nimekubali. Shati jeupe ninalo, lile nililomzikia. Nitawasindikiza mpaka madhabahuni na nitacheka nao. Lakini kila nikipita chini ya jengo lile refu, shingo inageuka yenyewe kutazama ghorofani, na midomo inasema peke yake, wapita njia wanadhani mzee kaanza kuchanganyikiwa. Wakili, picha ilikuwa mkononi mwako tangu Jumatano. Alhamisi ulimwacha akacheza mpaka mtupo wa mwisho, akishinda kombe lako, akishindwa kosa lake. Kama uliamini kijana ameuza mechi, kwa nini ulimchezesha?